Yaya naye ni mtoto

Haya ni maneno niliyowaambia wazazi wanaozungumza Kiswahili, Jumamosi moja asubuhi, katika ukumbi wa shule ya wasichana hapa Johannesburg. Wengi mliokosa kufika mliomba yaandikwe kwenye jarida letu. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Najua Jumamosi ni siku ya soko, ni siku ya kusuka nywele, ni siku ya kulinda magari kwenye maduka. Kila aliyekaa hapa ameacha riziki yake nje. Kwa hiyo sitawachelewesha, na sitawaambia mambo ya kupamba.

Naanza na swali. Barua ya shule iliyowaita hapa iliandikwa kwa Kiingereza. Ni wangapi mliisoma wenyewe? Naona mikono mitatu. Wengine nani aliwasomea? Semeni tu, tuko nyumbani. Binti. Na wewe mama? Binti. Basi angalieni jambo hilo. Shule imeandika barua kuhusu hali ya mabinti, na barua hiyo imewafikia kupitia midomo ya mabinti wenyewe. Kama kulikuwa na sentensi moja ambayo hakutaka muijue, basi mpaka sasa hamuijui.

Siwalaumu mabinti. Mimi mwenyewe nilikuwa mtafsiri wa mama yangu, na nitawaeleza baadaye jinsi ilivyokuwa. Kwanza nataka kuwasimulia habari za msichana mmoja. Jina lake silitaji, na baadhi ya mambo nimeyabadilisha ili asitambulike. Mama yake amenipa ruhusa niseme. Nitamwita Yaya, kwa sababu ndivyo wadogo zake wanavyomwita.

Sisi tuliotoka Kivu, yaya ni dada au kaka mkubwa. Ni jina la heshima. Ndugu zetu wa Tanzania na Kenya wakisikia yaya wanaelewa kitu kingine: msichana wa kulea watoto nyumbani, anayelipwa mshahara. Binti huyu ni yaya kwa maana zote mbili, ila mshahara hapati.

Yaya yuko gredi ya 9. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri. Anawaogesha wadogo wanne, anawapikia chai, wawili anawapeleka krechi, wawili anawavusha barabara hadi shule yao. Halafu anapanda teksi mbili kuja shuleni kwake. Akirudi saa tisa na nusu anawachukua wote, anapika, anafua sare. Mama anasafisha ofisi mjini, anarudi saa tatu usiku. Baba ni mlinzi wa usiku. Yaya anafungua madaftari yake saa nne usiku, watu wakishalala, kwa sababu nyumba yao ni chumba kimoja na meza ni moja. Analala saa sita. Hesabuni wenyewe: ni saa nne na nusu za usingizi, kwa mtoto wa miaka kumi na minne.

Mwalimu wake wa darasa alitupigia simu ofisini. Alisema Yaya alilala katikati ya mtihani. Alipoamshwa alianza kulia na hakuweza kunyamaza kwa karibu saa nzima. Mwalimu akaniambia, "Nimeshangaa sana, kwa sababu mwaka mzima sijawahi kusikia shida yoyote kutoka kwake. Ni mtoto mzuri, mtulivu."

Nilipofika nyumbani kwao, mama yake naye aliniambia maneno yaleyale. "Huyu ni mtoto mzuri. Hana maneno. Anavumilia."

Hapo ndipo nilipotaka kufika leo. Neno hilo, kuvumilia, tumekuja nalo kutoka mbali. Limetuvusha ziwa, limetuvusha mipaka. Kuna waliovumilia miaka kumi Nyarugusu, kuna waliovumilia njia ya Zambia na Zimbabwe chini ya turubai la lori. Hakuna mtu anayeweza kuniambia kwamba uvumilivu si kitu. Lakini tumelitumia neno hili hadi limekuwa kifuniko. Mtoto akinyamaza tunasema anavumilia, na tukishasema hivyo hatufunui tena sufuria kuona kinachoungua ndani.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Walisema pia mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi: mzigo alioubeba mwingine sisi tunauona mwepesi kama gunia la sufi. Mzigo wa Yaya ulionekana mwepesi kwa sababu hakuwahi kuutua mbele ya mtu.

(Hapa baba mmoja aliinua mkono. Alisema, "Dada, sisi wote tulilelewa hivyo. Dada zetu wakubwa walitulea, na hawakulia kwenye mtihani." Watu wengi waliitikia. Nilifurahi aliuliza, kwa sababu ni swali la kweli.)

Baba, umesema kweli. Mimi pia dada yangu alinibeba mgongoni. Lakini kumbuka vizuri ile nyumba ya kwetu. Dada mkubwa alipokuwa anabeba mtoto, bibi alikuwa ameketi mlangoni. Shangazi alikuwa nyumba ya tatu. Jirani akisikia mtoto analia alikuja kumchukua bila kuitwa. Binti akipata hedhi ya kwanza, kulikuwa na shangazi wa kumweleza. Ndugu zetu wa pwani walikuwa na somo, mwanamke mtu mzima aliyekabidhiwa binti amfunde. Waganda wana ssenga, shangazi ambaye kazi yake ni hiyo hiyo. Binti akigombana na mama yake, alikimbilia kwa bibi, akalala huko siku mbili, moto ukapoa. Dada mkubwa alibeba mzigo mzito, ndiyo, lakini alizungukwa na watu kumi.

Hapa Johannesburg mzigo tumeubakiza uleule, tena tumeuongeza, na wale watu kumi hawapo. Bibi amebaki Fizi. Shangazi yuko kambini. Jirani hapa ni mtu ambaye hujui hata jina lake, na wakati mwingine unamwogopa. Kwa hiyo tunaposema "dada zetu waliweza," tunasahau kwamba hawakuweza peke yao.

Walimu na washauri wana neno lao kuhusu mtoto anayepata shida na bado akasimama. Kwa Kiswahili tunaweza kusema ustahimilivu. Watu wengi wanafikiri ustahimilivu ni kitu kilicho ndani ya mtoto: yule anao, huyu hana. Mimi nimefanya kazi hii kwa miaka kadhaa, na ninachokiona ni tofauti. Ninaona mtoto anasimama kwa sababu kuna watu wamemshika. Mara nyingi si wengi. Mtu mzima mmoja nyumbani anayemsikiliza, na mtu mzima mmoja shuleni anayemjua kwa jina, tayari hali yake inabadilika.

Sasa niwaeleze habari yangu, kwa sababu niliahidi.

Nilifika mji huu nikiwa na miaka kumi na miwili, kutoka Uvira, tukipitia Kigoma. Baada ya mwaka mmoja Kiingereza kilikuwa kimeingia kichwani, basi nikawa ofisi ya familia. Barua ya mwenye nyumba, mimi. Foleni ya karatasi za ukimbizi, mimi; siku hiyo shule basi. Mama alikuwa na mimba, na alipougua usiku tulikwenda hospitali. Siitaji ni ipi. Daktari alikuwa na haraka, wagonjwa walikuwa wengi, na mtafsiri hakukuwepo. Akaniangalia mimi, mtoto wa miaka kumi na mitatu, akasema mwambie mama yako kwamba moyo wa mtoto haupigi tena.

Sikujua niseme vipi. Nilisema, "Mama, daktari anasema moyo wa mtoto umesimama." Mama akaniuliza mimi, siyo daktari, "Utaanza tena lini?" Na mimi ndiye niliyepaswa kumjibu.

Kesho yake nilikwenda shuleni kwa sababu kulikuwa na jaribio la hesabu. Hakuna aliyejua chochote. Niliposahihishiwa, karatasi ilikuwa na alama mbaya na maneno kwa wino mwekundu kwamba nikazane zaidi. Nyumbani kila mtu alinisifu. Walisema mtoto huyu ana nguvu, hakulia hata kidogo. Ni kweli sikulia. Nililia nikiwa na miaka ishirini na mitatu, chuoni, darasani, siku mwalimu alipofundisha jinsi ya kutumia watafsiri hospitalini.

Sikuwaambia haya mnionee huruma. Mama yangu hakuwa mama mbaya. Alikuwa mama asiye na mtu mwingine. Nimewaambia ili mkimwona binti yenu ametulia, msiridhike upesi.

Basi tutazame nini? Mtoto mwenye msongo hasemi "nina msongo." Mwili wake ndio unaosema. Tumbo linauma kila Jumatatu, na Jumamosi limepona. Kichwa kinauma na dawa haisaidii. Halali, au anataka kulala tu. Aliyependa kula sasa anasukuma sahani. Aliyekuwa na marafiki sasa hana. Alama zinashuka ghafla. Anakasirikia wadogo kwa jambo dogo. Anafuta simu yake kila akiona unakaribia. Kila moja ya hizo peke yake inaweza kuwa ujana tu. Zikiwa mbili tatu pamoja, na zikikaa wiki mbili au zaidi, uliza.

Na mabinti wana mambo yao ambayo wavulana hawayajui. Wapo wanaokosa shule siku za hedhi kwa sababu hakuna pedi nyumbani, na wanaona aibu kumwambia baba. Baba zangu, nawaomba sana: wekeni pedi kwenye orodha ya manunuzi kama mnavyoweka sabuni na unga. Tangu Aprili 2019 pedi hazitozwi kodi ya VAT nchini hapa, lakini bado ni pesa, na binti asiombe kama anayeomba anasa. Wapo wanaosumbuliwa na wanaume kwenye teksi au njiani. Wapo wanaoitwa majina kwa sababu ya lafudhi yao, yale majina ya wageni ambayo sote tunayajua. Hayo hawayasemi nyumbani kwa sababu moja kubwa: wanaogopa mtasema waache shule, au mtasema ni makosa yao.

Hapa nataka kuwakumbusha jambo lililotokea si mbali na sisi. Agosti 2016, katika shule ya Pretoria High School for Girls, wasichana weusi waliandamana kwa sababu ya kanuni za nywele. Waliambiwa nywele zao za asili hazikuwa nadhifu. Walilalamika pia kwamba walikemewa wakizungumza lugha zao za nyumbani. Mmoja wao, Zulaikha Patel, alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, na picha yake akiwa ameinua mikono mbele ya walinzi ilisambaa dunia nzima. Waziri wa elimu wa jimbo letu la Gauteng wakati huo, Panyaza Lesufi, alikwenda shuleni hapo, na kanuni ile ya nywele ikasimamishwa.

Siwaambii mabinti zenu waandamane. Nawaambia kwamba wasichana wale walikuwa wamevumilia muda mrefu, na kilichobadilisha mambo si uvumilivu. Ni kwamba walisema, na watu wazima wakasikiliza. Binti yako naye akija na jambo, hata kama linaonekana dogo, la nywele, la hijabu, la jina lake kutamkwa vibaya kila siku, usimwambie "vumilia, tuko ugenini." Kuwa ugenini hakuondoi haki zake.

Na haki zipo. Katika nchi hii, Katiba inampa kila mtu haki ya elimu ya msingi. Desemba 2019, Mahakama Kuu ya Makhanda iliamua kwamba mtoto asifungiwe mlango wa shule ya serikali kwa sababu tu hana karatasi. Sheria ya shule ya mwaka 1996 inamkataza mwalimu kumpiga mwanafunzi. Sheria hiyo hiyo inasema shule ya serikali isimnyime mtoto nafasi kwa sababu mzazi hawezi kulipa karo, na isimtenge na shughuli za shule kwa sababu ya deni. Shule za karo, kama nyingi za wasichana hapa mjini, zina utaratibu wa kuomba msamaha wa karo. Fomu hiyo iombeni, na njooni ofisini tuijaze pamoja. Nimewaona mabinti wanaojificha chooni siku ya kutajwa wenye madeni. Huo nao ni mzigo, na huu mnaweza kuwaondolea kwa fomu moja.

Kuna sheria nyingine inayotuhusu sisi wazazi, na nisipoisema nitakuwa nimewadanganya. Septemba 2019, Mahakama ya Katiba ilifuta ile kinga ya zamani iliyomruhusu mzazi kusema "nilimpiga kumwadhibu." Maana yake, fimbo nyumbani nayo ni kosa. Walimu na wafanyakazi kama mimi tunalazimika kisheria kutoa taarifa tukiona mtoto ameumizwa. Najua kuna wanaosema sheria hii imetunyang'anya watoto. Mimi nasema hivi: binti anayeogopa fimbo ya nyumbani hatakuambia yaliyompata njiani. Na wewe unataka kuambiwa.

Sasa tufanye nini nyumbani? Nitasema mambo matano tu.

La kwanza. Hospitalini, polisi na mahakamani, usimtumie mtoto kama mtafsiri. Tupigie sisi kabla ya siku hiyo. Tukikosa mtu, tafuta mtu mzima wa jamii yetu. Binti anaweza kukusomea bei dukani. Ugonjwa wako na kesi yako si kazi yake.

La pili. Mpe saa moja na nusu kila siku isiyo na mtoto mgongoni wala sufuria mkononi. Iwe saa yake ya masomo au ya kupumzika, na kila mtu nyumbani aijue. Na yule kaka wa miaka kumi na miwili ana mikono miwili. Sahani haziulizi aliyeziosha ni mvulana au msichana.

La tatu. Badilisha swali. Sisi tunauliza "umefaulu?" na mtoto anajibu ndiyo au hapana, basi. Uliza, "Leo wakati wa chakula ulikaa na nani?" Akisema kila siku alikaa peke yake, umepata habari kubwa kuliko ripoti ya shule.

La nne. Njoo shuleni wewe mwenyewe, hata kama Kiingereza huna. Mwalimu akikuona uso, binti yako anakuwa mtoto wa mtu. Muulize mwalimu wa darasa swali moja: "Binti yangu akipata shida, hapa shuleni anamwendea nani?" Shule inatakiwa kuwa na kikundi cha walimu wa kuwasaidia wanafunzi wenye matatizo. Baadhi zina mshauri au mfanyakazi wa ustawi wa jamii. Somo wanaloliita Life Orientation nalo linagusa mambo ya hisia na mahusiano, na mwalimu wake mara nyingi ni mtu wa kuanzia. Pateni jina, na binti alijue jina hilo.

La tano. Usitumie mlango kama kitisho. "Nitakurudisha Kongo," "nitakuoza," "kwanza uache shule." Mtoto aliyekwisha kupoteza nyumba moja anaamini maneno hayo neno kwa neno.

Na kama binti anasema hataki kuishi, au anajiumiza, usimwambie ni mapepo tu, na usimwache peke yake usiku huo. Maombi yaendelee, mimi mwenyewe ni mtu wa maombi, lakini mpeleke pia kwa mtaalamu. Childline inapokea simu za watoto na wazazi bila malipo kwa namba 116. Kwa anayefikiria kujiua, shirika la SADAG lina namba ya bure 0800 567 567. Ziandikeni namba hizo na mzibandike nyuma ya mlango, binti naye azione.

Wale walio wapya kabisa, ambao watoto bado hawajapata nafasi ya shule, msikate tamaa wala msimgeuze binti kuwa yaya wa kudumu wakati mnasubiri. Kuna mradi wa Three2Six, ulioanza mwaka 2008 kwenye shule ya Sacred Heart College, mtaa wa Observatory, kwa watoto wakimbizi wa shule ya msingi. Jina lake ni saa zake: wanasoma kuanzia saa tisa mchana hadi saa kumi na mbili jioni, katika madarasa ambayo wanafunzi wengine wameshayaacha. Shule ya msingi ya wasichana ya Observatory nayo imewahi kuupa mradi huo madarasa yake. Tuulizeni kuhusu nafasi.

Nimalizie habari ya Yaya, maana naona macho yenu yananiuliza.

Tulikaa na wazazi wake wote wawili, siku ya Jumapili. Baba yake aliniuliza kwa sauti kubwa, "Sasa nani atapika?" Nikanyamaza. Mke wake naye akanyamaza, akimtazama. Baba akacheka mwenyewe. Sasa Alhamisi, siku ambayo hana zamu, yeye ndiye anayepika. Siku ya kwanza foufou ilikuwa na madonge kama mawe ya Ziwa Tanganyika, na watoto wameifanya hadithi. Mama mmoja wa jamii yetu, anayekaa jengo hilohilo, anawachukua wadogo siku mbili kwa wiki, na mama Yaya anamsukia watoto wake bure. Mwalimu wa darasa alimpa Yaya nafasi ya kubaki shuleni siku hizo mbili kufanya kazi zake mezani, kwenye mwanga. Na mama yake alikuja shuleni. Alisimama mbele ya mwalimu hajui neno, akamshika mkono kwa mikono yake miwili. Mwalimu alielewa.

Sisemi kila kitu kimekwisha. Hesabu alifeli muhula ule. Bado kuna usiku halali vizuri, na tumempeleka kwa mshauri. Lakini wiki tatu baadaye alinipigia simu mwenyewe, kunilalamikia. Alisema kaka yake anaosha sahani vibaya kwa makusudi ili arudishiwe yeye kazi hiyo. Alilalamika dakika kumi. Nilikaa nikimsikiliza, na nilifurahi sana, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza nisikie mtoto huyu akisema jambo halimpendezi.

Wazazi wangu, mabinti wetu wana nguvu, hilo halina ubishi. Lakini tusiwape sifa ya nguvu badala ya msaada. Bibi wa Fizi hatutaweza kumleta. Shangazi wa kambini hatutaweza kumleta kesho. Tunachoweza ni kuwa mashangazi wa watoto wa wenzetu hapa hapa. Kabla hamjatoka, mgeukie aliye kando yako. Mwulize jina la binti yake mkubwa, na umpe namba yako ya simu. Mwambie, "Siku ukichelewa, niletee watoto." Mduara wetu unaanza hapo.

Ofisi yetu iko wazi kama kawaida, na kwa mambo ya shule siku maalumu ni Alhamisi. Njooni na barua zote za shule mlizo nazo, hata za zamani. Tutazisoma upya, na safari hii tutazisoma sisi watu wazima.